Rambirambi za Mkaguzi

Vijana wa ofisini wameniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi kabla sijaanza kusahau. Nadhani walitaka maneno ya kuwatia moyo. Basi wamekosea mtu. Sheria za usalama machimboni wanazo, zimechapishwa vizuri na zina jalada gumu, sina haja ya kuzirudia. Wasichokuwa nacho ni habari ya ukuta mmoja wa udongo, mama mmoja wa Kikole na viatu vyeusi vya mtu wa serikali. Hiyo ndiyo nitakayowapa, na wakiisoma wakakasirika nitashukuru.

Nilikuwa afisa wa chama cha wafanyakazi, na eneo langu lilikuwa machimbo na mashamba ya chumvi, kuanzia Kilwa mpaka Lindi. Watu wengi walidhani kazi yangu ni kumlinda mchimbaji. Hapana. Kumlinda mchimbaji ni kazi ya serikali, na serikali imemwajiri mtu wa kuifanya, anaitwa mkaguzi. Mimi kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mkaguzi anakagua. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba mimi ni mchungaji wa mchungaji. Alikuwa anatania tu, lakini hakuna aliyewahi kuieleza kazi ile vizuri kuliko yeye.

Siku yangu ya kwanza nilishuka basi Nangurukuru nimevaa kandambili nzuri za ngozi. Aliyenipokea ni Mzee Kindamba, niliyekuwa nakuja kufanya kazi chini yake. Alikuwa mlipuaji wa baruti ujanani mwake mpaka sikio lake moja likafa, ndipo akahamia chamani, na kwa sababu ya sikio hilo alizungumza na kila mtu kama anaita ng'ambo ya mto. Hakuniuliza safari. Alizitazama kandambili zangu, akanipeleka moja kwa moja kwa muuza mitumba pale stendi, akanichagulia mabuti ya mwanamume, makubwa. Mama ntilie wote wa stendi walimsikia akisema mguu wangu utakua.

Machimbo yenyewe yalikuwa ya jasi, hilo jiwe jeupe linalosagwa likaenda viwandani kutengeneza saruji. Jasi yetu imelala chini, juu yake kuna udongo mwekundu mzito. Utaratibu unasema uvue kwanza udongo wa juu kwa mtambo, ukuta uukate ngazi ngazi, ndipo uchimbe jiwe. Kuvua udongo ni gharama. Kwa hiyo kampuni iliacha watu wachimbe kwa kuingia ndani, wanafuata jiwe chini kwa chini, na udongo unabaki umening'inia juu yao. Ule uwazi wa chini wachimbaji waliuita kibarazani. Saa sita jua linapokuwa kali, na pale hakuna hata kijiti cha kujifichia, kibarazani ndiko kulikokuwa na kivuli. Ndiko walikokula ugali wao, ndiko walikoswalia, ndiko walikolala usingizi kidogo kabla ya kurudi kazini.

Ninyi mnaosoma hili mkiwa ofisini kwenye feni mnaweza kuona ni ujinga. Mimi siku ile ile ya kwanza, jua liliponichoma, niliingia kibarazani nikakaa na kushusha pumzi. Mzee Kindamba alinivuta mkono mpaka nikatoka.

"Kivuli hiki kina uzito, dada," alisema, na kwa sauti yake ile machimbo yote yalisikia. Wanaume walicheka. Waliendelea kula.

Akanipandisha juu ya ukuta wa mashariki, akanionyesha ufa uliopita kwenye nyasi, sambamba na ukingo. Mtu asiyejua angeudhani ni njia ya sisimizi. Alikuwa amepigilia vigingi viwili vya mti, kimoja huku na kimoja huku ya ufa, na kati yake amefunga uzi. Uzi ukikaza, ukuta unaondoka. Ukikatika, ondoka wewe. Hicho ndicho chombo changu cha kazi cha kwanza na nilikitumia mpaka mwaka niliostaafu, ingawa baadaye tuliletewa kifaa chenye kioo na betri ambacho hakikuwahi kuwaka zaidi ya msimu mmoja.

Somo la pili alinipa tukirudi. Vumbi la jasi ni kama unga wa muhogo, linaingia kwenye kila mshono, na ukishuka shimoni mara moja tu viatu vyako vitakusema wiki nzima. Mzee Kindamba aliniambia nisimsikilize mtu anayesema amefika machimboni. Nitazame viatu vyake.

Sasa niwaeleze ukaguzi ulivyokuwa. Mkaguzi alitokea Lindi, na kabla ya kuja alipiga simu, eti asije akawakosa wenyeji. Kampuni ilikuwa na siku za kutosha kujiandaa. Kofia ngumu zilitolewa stoo, zikagawiwa, na kibarazani pakafagiliwa kama uwanja wa shule unaosubiri mgeni rasmi. Mkaguzi akifika anapokewa getini, anapewa maji ya kunawa, anakalishwa. Huku kwetu mgeni hawezi kuanza kazi kabla hajala, na wao walijua. Samaki wa kukaanga, wali wa nazi, na maneno. Baadaye gari linamzungusha ukingoni, anashusha kioo, anaona kofia zinang'aa kule chini, anaandika. Jioni kofia zinarudi stoo. Nilipokuwa nikimfuata na kumwambia tushuke pamoja nikamwonyeshe uzi, jua lilikuwa limeshaenda na yeye ana safari ndefu.

Sikumchukia, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alikuwa mtu mpole, msafi, mwenye salamu nzuri. Aliniita dada, akaniulizia watoto kwa majina. Nilipombana alinieleza shida zake na zote zilikuwa za kweli: gari moja kwa eneo lote lile, mafuta ya kubahatisha, machimbo yaliyotawanyika mpaka kule ambako simu haishiki. Nilimhurumia kwa miaka, mpaka nilipogundua kwamba kuna safari moja ambayo gari halikukosa mafuta hata siku moja, nayo ni ya msibani.

Mchimbaji akifa, mkaguzi alikuja. Alikuja mapema, kabla matanga hayajaondolewa, na hakuja mikono mitupu. Mchele, sukari, mafuta ya kula, vyote vimetoka kwa kampuni ila vinashushwa kwenye gari la serikali. Alikaa mkekani na wafiwa, akaitikia dua, akasema maneno mazuri ya subira na kudra ambayo hata maimamu waliyasifu. Kisha alimpa mfiwa mkono wa pole. Baada ya hapo kwisha habari. Mimi nikifika na maswali yangu, nani alimweka marehemu chini ya ukuta ule na nani aliruhusu, baba mtu ananiambia kwa upole, "Dada, wameshatupa pole." Na kwetu mtu aliyekaa kwenye mkeka wako, akala chakula cha msiba wako, akashika mkono wako, huwezi kesho yake kumpeleka mbele ya sheria. Ni aibu. Ni kama kumtoa mgeni uchi.

Sidhani kama aliwahi kukaa chini akapanga hivyo. Nadhani aligundua tu kwamba njia ile ni laini. Mzee Kindamba, ambaye kwa wakati huo alikuwa amerudi kwao kulima na nilimtembelea mara moja moja, alisema tunazikwa mara mbili: mara ya kwanza kwa udongo, mara ya pili kwa mchele.

Shabani alikuwa kijana wa Kikole, mtani wangu, mwenye mdomo mrefu. Kila nikipita kukagua uzi ufani aliniuliza kama leo nimeshavua samaki. Alikufa saa ya chakula, kibarazani, ukuta wa mashariki. Udongo uliteremka kipande kimoja, bila mlio mkubwa. Mdogo wake, Bakari, alikuwa ametoka kwenda kuchota maji ya kunawa. Ndiye aliyemfukua kwa mikono.

Nilifika Kikole kesho yake. Kwa kuwa mimi ni mwanamke niliingia ndani walikokaa wanawake, nikakaa karibu na mama wa marehemu, Bi Zuhura. Hakuwa analia. Aliniuliza mwanawe alikuwa anafanya nini pale chini, nikamweleza yote: jiwe, udongo ulioachwa juu, kivuli. Alinisikiliza kama mtu anayepokea maelekezo ya dawa. Akaniuliza kama Bakari naye hula chakula chake pale pale. Nikamwambia ndiyo, na kwamba masika yakianza udongo utazidi uzito.

"Na nani mwenye uwezo wa kuwazuia?" aliuliza.

Nikamwambia ni mkaguzi, kwa amri moja tu. Nikamwambia pia kwamba atakuja pale pale nyumbani kwake, na jinsi mambo yanavyokuwa akishakuja. Sikumwambia afanye nini. Mtu aliyefiwa humfundishi.

Siku ya tatu gari lilifika. Mchele ukashushwa. Nikiwa ndani nilisikia sauti ya mkaguzi mkekani chini ya turubai akiwapa watu salamu, akimtaja Allah, akisema kwamba kwa taarifa alizopata kijana alifariki wakati wa mapumziko na si wakati wa kazi, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa, ni ahadi imefika. Wazee waliitikia. Kisha kaka yake Bi Zuhura akamleta mpaka mlangoni ampe dada yake mkono.

Bi Zuhura alisimama. Alikunja pindo la kanga yake akazungusha kiganjani, kama wanawake wetu wanavyofanya wakitaka kumpa mkono mwanamume asiye ndugu. Mkaguzi akanyoosha wake. Lakini mama yule alibaki na mkono kifuani, akitazama nje juu ya bega la mgeni, kule kwenye ukingo wa mkeka walikovua viatu.

"Vyako ni vipi, baba?"

Mkaguzi hakuelewa kwa nini anaulizwa. Akamwonyesha: vile vyeusi, vya kamba.

"Wenzake Shabani wote viatu vyao vyeupe," alisema Bi Zuhura. "Vyako vyeusi. Kwa hiyo hujafika alipofia mwanangu. Nenda kwanza ukapaone. Ukirudi, pole yako nitaipokea."

Kaka yake alimshika bega akimwambia kwa sauti ya chini kwamba anaivunjia heshima nyumba. Hakugeuka. Imamu alikuwa anatazama tasbihi yake. Mkaguzi alibaki na mkono hewani, akaushusha, akarudi mkekani akavaa viatu vyake akiwa amechuchumaa mbele ya watu wote. Nilimhurumia tena, na nilijichukia kwa kumhurumia.

Tulikwenda. Watu wa msiba nusu nzima walitufuata, wengine kwa pikipiki, wengine wamedandia lori la jasi. Hakukuwa na simu ya kutangulia, kwa hiyo hakukuwa na kofia wala wali. Nilimshusha mpaka chini, mahali ambapo mkeka wa Shabani ulikuwa bado umetokeza ncha kwenye udongo. Nikamwonyesha kibaraza kilichobaki. Kisha nikampandisha juu akauone uzi. Ulikuwa umekatika na vigingi vyake vimeachana kiasi cha mtu kulala katikati. Alipokuwa ameinama kuutazama, chembe za udongo zilianza kutiririka ukingoni, kidogo tu, na mtu yule msafi alirudi nyuma haraka akakaa kitako kwenye nyasi. Aliniuliza kwa nini sikumwambia. Nilimkumbusha mara zote nilizomwambia. Alisema ndiyo, lakini hakujua kwamba ni hivi.

Aliandika amri pale pale, juu ya boneti ya gari. Ukuta wa mashariki ufungwe. Udongo wa juu uvuliwe. Na kwa kuwa nilimng'ang'ania, akaongeza jambo la tatu: kampuni ijenge banda la kivuli ili watu wawe na pa kupumzikia. Lile banda lilikuwa wazo langu. Nalitaja sasa ili mlikumbuke baadaye.

Tulirudi Kikole kabla ya magharibi. Viatu vyake vilikuwa vyeupe mpaka kwenye kamba. Bi Zuhura alivitazama, akazungusha pindo la kanga kiganjani, akampa mkono. Ndipo alipolia.

Ningeishia hapa, ningekuwa nimeandika ile hadithi ya kutia moyo mliyoitaka. Lakini ukuta ulipofungwa watu walikosa kazi, na mtu asiye na kazi hutafuta wa kumlaumu, na kampuni iko mbali. Bi Zuhura alikuwa karibu. Wanawake waliacha kupita kwake wakienda kisimani. Bakari, mwanawe ambaye mama alitaka kumwokoa, alimwambia mbele yangu kwamba amewafungia riziki na kwamba kaka yake hatafufuka kwa viatu vya mtu. Akahamia kwa rafiki yake. Mama akaniuliza tu kama kazi ya kuvua udongo imeanza.

Haikuanza. Kilichoanza ni banda. Lilikuwa banda zuri, nguzo imara na mabati mapya, likapigwa picha kutoka kila upande. Picha zikapelekwa Lindi pamoja na maelezo kwamba maagizo yanatekelezwa. Mkaguzi, bila kushuka kwenye kiti chake, akaufungua ukuta. Nilipopata habari nilikwenda Lindi nikakaa kwenye benchi la ofisi yake nikazungushwa: leo yuko semina, kesho yuko likizo, njoo wiki ijayo. Nilimfikia mkuu wake. Alinisikiliza akinipa chai, akasema mkaguzi alipofunga tulimsifu, sasa amefungua tunamkashifu, sisi watu wa chama tunataka nini hasa. Nikasema tunataka udongo uvuliwe. Akasema litafuatiliwa. Neno hilo nimelisikia mara nyingi kuliko jina langu.

Banda lenyewe lilijengwa karibu na geti, mbali na wanakochimba. Kabla ya mwezi kuisha msimamizi alikuwa anaegesha humo pikipiki yake, na baadaye wakaweka mapipa ya dizeli na pampu mbovu. Mtu mwenye nusu saa ya kula hawezi kuimaliza kwa kutembea akakae katikati ya mapipa. Wakarudi kibarazani. Nilikwenda, nikawafokea, nikapuliza filimbi kama mwalimu wa zamu. Walitoka. Nilipoondoka waliingia. Nilifunga uzi mpya, na kila nilipokwenda niliukuta umekaza.

Masika yalikuwa yameshaanza ukuta ulipoteremka tena. Aliyekuwa chini alikuwa Kosmas, mkulima kutoka vijiji vya Rutamba, aliyekuja kuchimba kwa msimu ili apate ya kuezekea nyumba. Wengine walikuwa wametoka, yeye alikuwa amelala.

Sikuusubiri mwili. Niliazima pikipiki, nikapanda basi, nikapanda tena pikipiki kwenye tope, ili niwahi Rutamba kabla ya mtu mwingine. Nilipofika nilikuta mchele mlangoni. Baba yake Kosmas, mzee mrefu mwenye rozari shingoni, alinikaribisha kiti. Nilimsalimu shikamoo akaitikia, nikamweleza nilichokuja kukieleza, nikamweleza mpaka habari ya Bi Zuhura. Alisikiliza yote.

"Mwanangu," alisema, "mimi tangu nizaliwe serikali haijafika kwenye nyumba yangu. Leo imekuja, imeinama mlangoni, imenipa mkono. Ningeukataaje?"

Nikamuaga, nikarudi kwenye tope.

Taarifa ya uchunguzi ya mkaguzi ilitoka baadaye. Ilikuwa fupi. Ilisema kampuni ilijenga banda la kupumzikia kwa maagizo ya mkaguzi na kwa pendekezo la chama cha wafanyakazi. Marehemu aliamua mwenyewe kupumzika mahali pasiporuhusiwa. Kwa hiyo kosa ni la marehemu. Niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Banda nililolipigania mimi ndilo lililomtia Kosmas hatiani. Udongo wa juu haukutajwa popote.

Nilikwenda Kikole kumwambia Bi Zuhura, maana ilikuwa haki yake kujua. Alikuwa anamenya muhogo. Bakari alikuwa amerudi nyumbani, amekaa kizingitini. Yeye na Kosmas walikuwa wakilala chumba kimoja kambini, na zamu hii pia aliyefukua ni yeye. Nilipomaliza kueleza, mama aliuliza jambo moja tu.

"Mkaguzi alipokwenda kwa huyo mzee, viatu vyake vilikuwaje?"

Nikasema sikumkuta, lakini mzee aliniambia alikuja mtu nadhifu sana.

Bi Zuhura aliweka kisu chini. Akamwambia Bakari akaazime baiskeli, aende dukani akalete mchele, sukari na mafuta ya kula. Bakari aliuliza ni wa nini. Mama alisema ni deni. Kijana yule aliyemwambia amefunga riziki za watu alisimama akaenda, na alfajiri yake ndiye aliyebeba mzigo mpaka Nangurukuru na kuupakia kwenye buti la basi la Lindi.

Tulikaa kwenye benchi lile lile la ofisi ya mkaguzi. Safari hii hatukuambiwa yuko semina, kwa sababu mwenyewe alikuwa anatoka ofisini tukakutana naye uso kwa uso. Alimtambua Bi Zuhura. Aliinama kwa adabu yake ile ile.

"Shikamoo, mama."

Bi Zuhura hakuitikia. Mnajua huko kwetu shikamoo isiyoitikiwa ni kitu gani. Hata ukigombana na mtu, hata kama kakuibia, marahaba unampa, kisha mnaendelea na ugomvi wenu. Karani aliacha kupiga muhuri. Watu wengine waliokuwa wanasubiri kwenye benchi waligeuza nyuso. Mkaguzi akarudia, akidhani labda mama hakusikia. Mama alikuwa anamtazama.

"Nimekuja kukurudishia pole yako," alisema. Bakari akaweka mzigo chini mbele ya viatu vyeusi. "Siku ile nilikupa mkono kwa sababu ulipaona. Uliyaona kwa macho yako, kisha ukawarudisha watoto wa watu mle mle. Na leo umesema Kosmas ndiye mwenye kosa. Basi hata kwa wa kwangu bado sijapewa pole."

Mkaguzi alisema mama tuingie ndani tuzungumze. Bi Zuhura alikuwa ameshageuka. Hakutembea haraka. Bakari alimshika kiwiko kwenye ngazi, na nilipowatazama wakishuka nilijua kwamba hakuna amri, wala barua, wala kikao nilichowahi kukaa kilichompata mtu yule mahali mama yule alipompata.

Sitawadanganya kwamba ilibadilisha kitu. Kwa siku nyingi mzigo ule ulikaa pale pale mapokezini. Karani aliniambia hawakujua wauandike wapi, kwa kuwa haukuwa mali ya ofisi, wala zawadi, wala kielelezo. Hakuna aliyethubutu kuupeleka nyumbani. Mchele ukaingia wadudu, sisimizi wakajipanga kwenye sukari, na watu waliokuja na shida zao walikuwa wakiuruka. Ukuta wa mashariki bado umening'inia. Bakari hafanyi kazi tena pale, anafundisha wachimbaji wengine kufunga uzi, bila malipo, na wengine wanamcheka kama mimi nilivyochekwa.

Mwaka jana nilipoagwa, chama kilimwalika mkaguzi kama mdau. Alikuja, akala, akasema maneno mazuri juu yangu, na hakuna hata moja ambalo lilikuwa uongo. Watu walipoanza kutawanyika alinifuata nilipokuwa nimekaa na mabuti yangu ya zamani, ambayo vijana walikuwa wameyasafisha na kuyafunga utepe kama zawadi. Kisha akaniuliza kama yule mama wa Kikole bado yupo.

Nikasema yupo, mzima.

"Huwa ananisemaje?"

"Hakusemi," nilimwambia. "Kila nikienda ananiuliza tu kama umeshafika alipofia Kosmas."

Alinyoosha mkono kuniaga. Nilitazama chini. Viatu vyake vilikuwa vipya, vyeusi, vimepigwa kiwi mpaka kwenye soli, na mikono yangu niliiacha juu ya mabuti yangu.